Kagua bati kabla ya mvua za Novemba

Ndugu zangu wa Tabora, jua hili la Septemba na Oktoba ndilo la kutengenezea nyumba. Mvua zikishaanza kukolea Novemba, ni hadi Aprili, na fundi wa bati hapatikani.

Anzeni na misumari. Bati hutanuka mchana kwa joto na kusinyaa usiku, na mwaka hadi mwaka msumari unalegea na mpira wake unakatika. Saa sita mchana ingia darini, au chumbani kama hakuna dari, funga madirisha, kisha tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Chomeka kijiti hapo ili aliye juu alione. Usingoje mvua ikuonyeshe, kwa sababu maji hutambaa juu ya papi, zile mbao zinazobeba bati, na kudondokea mbali kabisa na yalikoingilia. Mimi nilihangaika msimu mzima na kona ya sebule, kumbe tundu liko juu ya chumba cha watoto.

Msumari uliolegea usiupigilie tu. Ung'oe, weka mnene zaidi wenye mpira mpya. Tundu lililopanuka lizibwe kwa lami pakiwa pakavu kabisa.

Gata nazo zisafishwe, hasa wenye miembe karibu. Mvua ya kwanza msiiruhusu kuingia kwenye simtanki: inaosha vumbi na vinyesi vya ndege vya miezi yote ya kiangazi. Halafu zibueni mtaro wa nyuma ya nyumba, maji yasisimame kwenye msingi.