Kutafuta maandiko ya tasnifu: anzia maktaba, kisha akili mnemba

Mwanafunzi anayeandaa pendekezo la utafiti siku hizi hukimbilia kwanza simu yake, akaiomba programu ya akili mnemba impe marejeleo kumi ya mada yake, na mara moja akapata orodha nadhifu ya waandishi, miaka na majarida. Mimi ni mkutubi, na nimeshakaa na wanafunzi wa namna hiyo tukaitafuta rejea moja baada ya nyingine: jarida lipo, mwandishi yupo, lakini makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Programu hizi hufanya kazi kwa kukisia neno linaloelekea kufuata jingine, kwa hiyo zinaweza kutunga rejea yenye sura ya kweli kabisa. Mwezi Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Kwa hiyo anzia maktaba. Nenda na kitambulisho chako cha chuo, umwombe mkutubi akuonyeshe namna ya kuingia kwenye majarida ya kielektroniki ukiwa nyumbani, kwa sababu wanafunzi wengi huishia kwenye ukurasa unaodai malipo ya makumi ya dola kwa makala ambayo chuo chao kina haki ya kuisoma. Vyuo vingi vya nchi zetu hupata majarida bure au kwa ada ndogo kupitia Research4Life, mpango wa kimataifa ambao programu yake ya afya, Hinari, ilianza mwaka 2002 na ile ya kilimo, AGORA, mwaka 2003. Kwa tafiti zilizochapishwa Afrika, tazama African Journals Online, inayofanya kazi tangu 1998. Usipite pembeni ya rafu za karatasi pia: anayetafiti historia ya eneo letu na hajafika kwenye mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amejinyima mengi ambayo hatayaona kwenye intaneti.

Ukishaingia kwenye majarida ya kielektroniki, usiandike swali zima kama unavyomuuliza mtu. Tuseme unachunguza kwa nini kaya za Dar es Salaam zinaendelea kupikia mkaa ilhali gesi ipo. Majarida mengi yanaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo andika: charcoal AND (household* OR cooking) AND ("Dar es Salaam" OR Tanzania). AND hulazimisha maneno yote yawepo, OR huruhusu mojawapo, alama za kunukuu hushika maneno yakiwa pamoja kwa mpangilio wake, na nyota huleta miishio yote ya neno. Yakija matokeo maelfu, ongeza neno moja au punguza miaka. Yakija mawili, ondoa neno linalobana. Makala moja nzuri ikipatikana, isome orodha yake ya marejeleo, kisha tafuta waliomnukuu mwandishi huyo baadaye. Kwa uzoefu wangu, njia hii ndiyo inayozaa kuliko zote, nayo ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Hapa sasa akili mnemba ina nafasi yake. Iulize watafiti hutumia maneno gani mengine kwa jambo lako, nayo inaweza kukukumbusha woodfuel (nishati ya kuni na mkaa) au biomass (nishati ya mimea na mabaki yake), maneno ambayo hukuyawaza, kisha uyarudishe kwenye hifadhidata. Iombe ikufafanulie mbinu ya takwimu iliyokushinda ndani ya makala uliyokwisha kuisoma, halafu linganisha maelezo yake na ukurasa wenyewe. Iombe pia ilipinge swali lako la utafiti, kwa maana ni afadhali udhaifu wake ujulikane sasa kuliko mbele ya jopo. Usiiombe ikuandikie mapitio ya maandiko: msimamizi akikuuliza kwa nini umemweka mwandishi huyu kabla ya yule, jibu litakuwa halimo kichwani mwako.

Rejea yoyote inayotoka kwenye programu hizo ihakikiwe kabla haijaingia kwenye daftari lako. Chukua namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala, ambayo huanza na 10 na nukta, uiandike baada ya doi.org/ kwenye kivinjari, kisha ulinganishe jina la makala, mwandishi na mwaka. Isipofunguka, au ikafungua makala nyingine, tafuta jina hilo kwenye tovuti ya jarida lenyewe; likikosekana huko pia, lifute. Zilizothibitika zihifadhi kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeleo ambayo ni ya bure na hukupangia marejeleo ndani ya hati.

Usipakie kwenye programu hizo mahojiano yenye majina au namba za simu za watu waliokuamini. Soma kanuni za chuo chako kuhusu matumizi ya akili mnemba, na katika sura ya mbinu utaje programu uliyotumia, kwa kazi gani na lini. Weka pia kumbukumbu ya maneno uliyotafuta, hifadhidata na tarehe, maana mtahini ana haki ya kukuuliza ulivyoyapata maandiko yako.