Hilux ya 3L inayovuja dizeli au kuvuta upepo: ninavyoitengeneza nyumbani

Pikapu yangu ni Hilux ya injini iitwayo 3L (ni jina tu, ukubwa ni lita 2.8), ile yenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Inabeba viazi kutoka shamba hadi Njombe mjini. Msimu mmoja ilianza kugoma alfajiri. Baridi ya huku inajulikana, kwa hiyo kila niliyemuuliza alisema plagi za hita zimekufa. Nikanunua nne mpya, ikagoma vilevile. Kumbe ni mpira wa dizeli uliokuwa na ufa mwembamba kama unywele, na haukuwahi kudondosha hata tone moja.

Kwenye injini hizi dizeli haisukumwi kutoka tangini, inavutwa. Pampu yenyewe ndiyo inayonyonya. Ufa wowote kati ya tangi na pampu unaweza kuingiza upepo bila kutoa mafuta. Gari likilala, dizeli inarudi tangini taratibu, na asubuhi unapiga starta pampu ikiwa inanyonya hewa. Ukitafuta mahali palipolowa tu, utatafuta mpaka uchoke.

Mwongozo huu ni wa injini za pampu ya kawaida: 2L, 3L, 5L na ndugu zake. Kama yako ni D-4D, yaani dizeli ya kompyuta (1KD au 2KD), usifungue bomba la chuma lolote upande wa nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini. Presha ya mle inapita bar 1,000. Mwachie fundi mwenye vifaa vyake.

Kabla ya kugusa kitu

Injini iwe imepoa. Vuta hendibreki, weka mawe kwenye matairi, toa waya wa hasi wa betri. Utaurudisha wakati wa kuwasha tu. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na asivute mtu sigara. Ukiingia chini ya gari, liwe juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake.

Halafu hili naomba ulishike: usitafute mvujo wa bomba za nozeli kwa kupapasa na kidole injini ikiwa inaunguruma. Hata kwenye 3L presha ya hapo inapita bar 100, na dizeli inaweza kupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo kama mchomo wa sindano, lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Pitisha kipande cha boksi badala ya kidole, kitalowa palipo na mvujo.

Hatua ya 1: safisha, kisha soma

Osha injini kwa maji na sabuni ya unga, ikauke kabisa. Tandika boksi safi chini usiku kucha. Doa la asubuhi litakuonyesha upande: mbele chini ya pampu, katikati kwenye fremu, au nyuma tangini. Boksi likibaki kavu na gari bado linagoma, nenda hatua ya 2.

Hatua ya 2: mpira wa kioo

Nunua mpira unaoonyesha ndani, nusu mita, upana sawa na bomba zako (zangu ni milimita 8). Ufunge kwanza kati ya filta na pampu, kwa klipu. Washa, acha injini iungurume dakika tano ili upepo ulioingia wakati wa kufunga utoke. Sasa inama utazame. Dizeli safi inapita kama chai ya rangi iliyotulia. Yangu ilikuwa na vitone vya hewa vidogo vikifuatana kama shanga, na kila nikikanyaga mafuta vinaongezeka.

Ukiviona, hamishia mpira huo kabla ya filta, upande unaotoka tangini. Vikiendelea, ubovu uko nyuma: mipira ya fremu au ya juu ya tangi. Vikikoma, ubovu uko kwenye filta yenyewe: oringi yake, oringi ya sensa ya maji kwa chini, au kile kipampu cha kubonyeza kwa mkono kilichoko juu. Mpira wa ndani ya kipampu ukichanika, kinalowa au kinavuta upepo, na watu wengi hawakifikirii kabisa.

Ukimaliza kupima, utoe mpira huo. Ukikaa na dizeli na joto unakakamaa na kupasuka.

Hatua ya 3: kurekebisha upande wa kuvuta

Mpira uliochoka badilisha wote, weka mpira maalumu wa mafuta. Fundi mmoja aliwahi kunifungia cha baiskeli. Baada ya siku chache kilikuwa kimevimba na kulainika kama ngozi iliyolowekwa, kwa sababu dizeli inakula mpira wa namna hiyo. Funga kwa klipu za skurubu. Waya wa kuzungusha unakata mpira.

Bomba la chuma la fremu huoza pale linaposhikwa na vishikizo, tope linakaa humo. Kata sehemu iliyooza, piga tupa midomo iwe laini, puliza unga wa chuma utoke, unga kwa mpira wa mafuta uliovuka sentimita 3 kila upande, klipu mbili kila upande. Njia hii ni ya bomba la kuvuta na la return (linalorudisha dizeli ya ziada tangini) tu.

Hatua ya 4: upande wa nozeli

Bomba la nozeli likipasuka linabadilishwa zima. Usichomelee, usiunge. Likivuja kwenye nati, legeza, futa, kaza tena kwa spana namba 17, bila kulazimisha. Hakikisha vile vibano vinavyoshika bomba nne pamoja vipo. Bila hivyo bomba linatetemeka hadi likatike.

Return ya nozeli kwenye 3L ni bomba moja la chuma lenye nati nne. Ikilowa hapo, weka washa (ringi za kuziba) mpya. Boliti ya return kwenye pampu imeandikwa OUT na ina tundu dogo sana ndani. Usiibadilishane na boliti nyingine, maana tundu hilo ndilo linalotunza presha ya pampu. Washa za shaba nyekundu za boliti hizo, kama mpya hazipatikani, pasha moto hadi ziwe nyekundu, tumbukiza kwenye maji, zinalainika na kukaa vizuri tena.

Hatua ya 5: kutoa upepo

Bonyeza kipampu cha mkono hadi kiwe kigumu. Rudisha waya wa betri, legeza nati za bomba za nozeli (si za return) nusu mzunguko, funika kwa kitambaa, mwenzako apige starta sekunde kumi, apumzishe. Dizeli ikitoka bila povu, kaza zote, washa.

Osha tena, tandika boksi jipya, lala. Alfajiri jaribu kabla jua halijapanda. Baada ya kilomita 100 hivi za barabara ya vumbi, pitia klipu zote kwa bisibisi. Mipira mipya hujikandamiza na klipu hulegea kidogo.