Somo: Kuchagua Vifaa vya Kwanza vya DJ kwa Bajeti Ndogo

Ukiondoa mbwembwe zote, kazi ya DJ ni kusikiliza nyimbo mbili kwa pamoja: ule unaochezwa ukumbini, na ule anaouandaa masikioni mwake kabla hadhira haijausikia. Kifaa kisichoruhusu jambo hilo, hata kiwe na taa za kupendeza kiasi gani, ni hasara kwa bei yoyote.

Hatua ya 1: Anza na kompyuta uliyonayo. Pakua Mixxx, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, kisha ufanye mazoezi kwa kibodi na kipanya kwa wiki kadhaa. Ukichoka mapema, utakuwa hujapoteza fedha.

Hatua ya 2: Chagua kontrola, yaani ubao wa vitufe na vitelezi unaoendesha programu ya DJ, yenye kadi ya sauti ndani yake. Hapa ndipo wengi hukosea. Kadi hiyo hutoa njia mbili za sauti zinazojitegemea, moja ya spika na nyingine ya hedifoni. DDJ-200 ya Pioneer DJ, iliyotoka mwaka 2019, haina kadi hiyo. Kusikiliza wimbo unaofuata hutegemea kebo ya kugawa sauti, na kila upande hubaki na sauti ya mono, yaani isiyotenganisha kushoto na kulia. DDJ-400 ya mwaka 2018, pamoja na mrithi wake DDJ-FLX4, zinayo, na vivyo hivyo Inpulse 300 ya Hercules. Ukinunua iliyotumika, telezesha kila kitelezi polepole huku muziki ukilia: sauti ikikwaruza au kurukaruka, sehemu hiyo imechakaa. Tikisa pia kebo ya USB kwenye tundu lake, kwani tundu lililolegea hukata muziki katikati ya sherehe.

Hatua ya 3: Nunua hedifoni za waya zinazofunika sikio lote na kuzuia kelele za nje. Za Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji mdogo tu unatosha kuvuruga uoanishaji wa midundo, yaani kufanya midundo ya nyimbo mbili iende pamoja.

Hatua ya 4: Spika zisikusumbue. Zozote zenye amplifaya ndani na tundu la waya zinafaa mazoezi ya chumbani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, si afadhali nianze na santuri kama wakongwe?
Jibu: Mashine za santuri kama Technics SL-1200, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, bado zinaheshimika, lakini utahitaji mbili, miksa, sindano na santuri zenyewe. Kwa bajeti ndogo sishauri.

Swali: Je, kitufe cha kulinganisha kasi, kile kinachofanya nyimbo mbili ziende kwa kasi moja, ni udanganyifu?
Jibu: Hapana. Hata hivyo, programu ikikosea kupima midundo ya wimbo, jambo linalotokea hasa kwa nyimbo zilizopigwa na bendi bila mashine ya ngoma, kitufe hicho hakitakuokoa. Kwa hiyo kizime katika nusu ya mazoezi yako.

Swali: Kompyuta yangu ni ya zamani na sauti inakatikakatika. Nibadilishe?
Jibu: Usiibadilishe bado. Funga programu nyingine zote, zima intaneti, kisha uongeze ukubwa wa bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza) katika mipangilio ya sauti, hatua moja baada ya nyingine, mpaka mikwaruzo ikome. Ukiongeza kupita kiasi, utabonyeza kitufe na wimbo utachelewa kuitikia, hivyo rudi hatua moja nyuma.