Jinsi ya kumfanya mwanafunzi wa chuo ajipe mrejesho mwenyewe

Walimu wenzangu wa vyuo vya hapa Unguja na Pemba, kama darasa lako kubwa na makaratasi yamejaa mezani, usisubiri mpaka umalize kusahihisha ndo wanafunzi wajue wamekosea wapi, wanaweza kujua wenyewe ukiwapa kitu cha kulinganishia. David Nicol wa Chuo Kikuu cha Glasgow kule Uskoti kaliandika hili 2021, kwamba mtu hujipa mrejesho kila anapolinganisha kazi yake na kitu chengine.

Mfano waambie waandike ukurasa mmoja, kwa nini mwani aina ya kotonii unakufa maji ya bahari yakizidi joto. Waandike kwanza, hapo usilegeze kabisa, maana ukitoa jibu mapema watanakili tu. Wakimaliza ndo wape ripoti fupi ya utafiti au kazi mbili za wenzao zisokuwa na majina, halafu wajibu kwa kuandika, sio kusemezana tu: yangu imetofautiana wapi na hii, nini imo humu mie sina, na nitabadilisha nini. Hapa ndo penye kazi yote jamani. Mtu akiandika "yake nzuri" mrudishie, aseme nzuri kwa lipi. Na usiwape kazi bora tupu, iliyo dhaifu nayo inafunza sana.

Kisha warekebishe hapohapo.

Maoni yako yaje mwisho, na kabla hujayatoa muulize mwanafunzi anataka umsaidie wapi, wengi wanakuwa washapajua.