Somo: Kupanga safari ya kuwinda kulungu kwenye pori usilolijua, kuanzia mzigo wa kurudi

Wengi wakianza kupanga safari hii huuliza kwanza kulungu wako wapi. Naomba uanze na swali jingine: akishaanguka, nyama utaitoaje?

Mwaka wangu wa tatu wa kuwinda nilimpiga dume upande wa pili wa korongo, kilomita 6 hivi kutoka nilipoacha gari. Risasi ilipita pazuri, akaanguka palepale. Jua lilikuwa linakaribia kuzama nami nilikuwa peke yangu. Nilimaliza kubeba usiku wa siku ya pili, na paja moja lilikuwa limeshaoza kwenye mfupa. Nililitazama muda mrefu. Mnyama amekufa kwa mkono wangu, halafu robo ya nyama yake nawaachia funza, na sababu yake ni kwamba nilipanga njia ya kwenda nikasahau ya kurudi. Tangu siku ile napanga kinyumenyume: naanzia pale mnyama atakapolala, narudi hatua kwa hatua hadi kwenye gari.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo

Dume mkubwa wa aina ya mule, yule kulungu mwenye masikio mapana wa magharibi mwa Marekani, akitolewa mifupa hukupa nyama ya kilo 25 hadi 35 hivi. Ongeza kichwa kama unataka pembe, ongeza hema, bunduki na chakula kilichobaki. Hakuna mtu mmoja anayebeba vyote kwa safari moja bila kujiumiza.

Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Mizigo miwili si kutembea njia mara mbili, ni mara tatu: unabeba, unarudi mtupu, unabeba tena. Kilomita 6 zimekuwa 18. Ikiwa kambi nayo ni mzigo wa tatu, njia ile utaikanyaga mara tano, yaani kilomita 30.

Kwa muda, tumia kanuni aliyoiweka mpanda milima wa Scotland, William Naismith, mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Ila kanuni hiyo inamhusu mtu mwenye afya anayetembea bila mzigo mzito. Nikiwa na kilo 30 mgongoni, nje ya njia, nikiruka magogo, mimi huzidisha kwa mbili na mara nyingi bado napitwa na muda.

Ukishapata jibu, chora kwenye ramani mpaka wa mbali kabisa unaoweza kutoa nyama kabla haijaharibika. Nje ya mstari huo unaruhusiwa kutazama kwa darubini, si kupiga. Mpaka huo si duara. Upande ambao nyama itashuka kuelekea kwenye gari unaweza kwenda mbali zaidi, na upande ambao nyama itapanda mlima uwe mfupi sana. Peke yangu, nje ya njia, mpaka wangu ni kilomita 4.

Hatua ya 2: Soma sheria kabla ya ramani

Kila nchi ina utaratibu wake, na Marekani kila jimbo lina wake. New Zealand kibali cha kuwinda kwenye ardhi ya hifadhi ya umma hutolewa bure na idara inayosimamia hifadhi hizo. Scotland haki ya kuwinda kulungu iko kwa mwenye ardhi. Majimbo mengi ya magharibi mwa Marekani hugawa vibali kwa bahati nasibu, na maombi hufungwa miezi kadhaa kabla ya msimu, kwa hiyo safari ya vuli hupangwa tangu majira ya baridi.

Tafuta majibu ya mambo haya: mipaka ya eneo la kibali chako, saa za kuruhusiwa kupiga, silaha inayokubalika, mavazi ya rangi kali (Colorado, kwa mfano, anayewinda kwa bunduki lazima avae angalau inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa au waridi inayowaka, pamoja na kofia), na kama unatakiwa kuacha kiungo kinachoonyesha jinsia kikiwa kimeshikamana na nyama. Hili la mwisho huwaponza wengi wanaotoa mifupa porini.

Kuna pia ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaosababishwa na protini zilizoharibika umbo ziitwazo prioni. Uligunduliwa Colorado mwaka 1967 na sasa umeenea majimbo mengi. Kwa sababu yake sehemu nyingi zimepiga marufuku kusafirisha ubongo na uti wa mgongo nje ya eneo la mawindo. Kupika hakuziui prioni. Peleka sampuli ikapimwe, na mnyama akikutwa nao usimle.

Hatua ya 3: Lisome pori ukiwa nyumbani

Fungua ramani ya kontua, yaani mistari inayoonyesha kimo cha ardhi, na picha za setilaiti pamoja. Kulungu hucheua: hula alfajiri na jioni, halafu hulala kivulini mchana kutwa akitafuna tena alichomeza. Kwa hiyo tafuta vitu viwili vilivyo karibu, malisho na malazi. Kaskazini mwa ikweta, mteremko unaotazama kusini hupata jua, hukauka na kuota majani na vichaka, na unaotazama kaskazini huwa na miti minene na ubaridi. Dume mzee hupenda kulala theluthi ya juu ya mteremko, mgongo ukiwa salama na macho yakiona chini. New Zealand geuza maelezo hayo juu chini, kwa sababu upande wa jua kule ni kaskazini.

Weka alama pale mgongo wa mlima unapoinama kati ya vilele viwili. Wanyama hupita hapo kwa sababu ileile ambayo wewe ungepita: ni rahisi. Weka alama kwenye kila chanzo cha maji. Kisha tafuta vilima viwili au vitatu ambavyo ukiketi juu yake utaona miteremko mingi bila kuingia ndani yake.

Nina onyo moja kuhusu kontua. Kwenye ramani za Marekani za kipimo cha 1:24,000, sentimita moja ni mita 240 ardhini, na milimani kontua mara nyingi hupishana futi 40, kama mita 12. Maana yake genge la mwamba la mita 10 linaweza kujificha kati ya mistari miwili na ramani isikuonyeshe kitu. Mchana utaliona. Usiku, na mguu wa kulungu mgongoni, hutaliona. Njia ya kurudi ichague kwenye migongo ya milima au njia zilizokwisha kukanyagwa, hata kama ni ndefu zaidi.

Hatua ya 4: Upepo

Ningeweza kuandika somo zima juu ya hili. Jicho la kulungu unaweza kulidanganya kwa kutulia, sikio lake kwa kwenda polepole. Pua yake huiwezi.

Milimani siku ya utulivu hewa ina zamu zake. Usiku na alfajiri hewa baridi ni nzito, inatiririka kushuka mabondeni kama maji. Jua likishapasha miteremko, inageuka na kupanda. Jioni kivuli kikiingia inashuka tena. Asubuhi niko juu ya mabonde kabla hakujapambazuka? Hapana, si moja kwa moja juu ya kulungu, kwa sababu harufu yangu inashuka kwake. Nakaa ng'ambo ya bonde, natazama anapoingia kulala, nasubiri hewa igeuke na kutulia ikipanda, ndipo nazunguka na kumjia kutoka juu. Saa ya mgeuko wenyewe usimsogelee mnyama. Hewa huzunguka ovyo, na nusu saa ya haraka inaweza kukuharibia kazi ya siku tatu. Beba kichupa cha unga laini, uunyunyize kila baada ya hatua chache uone hewa inakoelekea.

Kwa sababu hiyohiyo kambi usiiweke katikati ya bonde wanamokula. Iweke chini yao na pembeni, nyuma ya mgongo wa mlima.

Hatua ya 5: Begi

Hapa sitakaa. Begi lenye fremu imara, mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa kwa ajili ya nyama, visu viwili, taa mbili za kichwani na betri za akiba. Nguo za sufu au nyuzi zinazokauka haraka. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili, na kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Maji ya kijito yachemshe dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Beba kifaa cha dharura cha setilaiti, na umwachie mtu nyumbani ramani yenye kambi yako, gari lako, na saa ambayo ikipita bila habari zako aite waokoaji.

Hatua ya 6: Fika siku mbili mapema

Siku hizo bunduki haina kazi. Tembea njia ya kubebea nyama, yote, ukiwa na begi lenye uzito. Hakikisha maji ya kwenye ramani yapo kweli, maana vijito vingi hukauka mwisho wa kiangazi. Kisha panda kwenye kilima chako na uketi na darubini, ikiwezekana juu ya mguu wa tripodi. Usimtafute kulungu mzima. Tafuta sikio, mstari wa mgongo uliolala katikati ya miti iliyosimama, kitu cheupe nyuma ya kichaka.

Hatua ya 7: Baada ya risasi

Kabla ya kugusa kifyatulio jiulize: nikimpiga hapo alipo, ataangukia wapi? Nimewaacha madume wawili wazuri kwa swali hilo peke yake.

Akishakufa, joto ndilo adui. Chuna mara moja, tenga miguu, ondoa nyama mfupani hasa kwenye nyonga na bega, ambako joto hukaa ndani, kwa kufuata masharti ya jinsia tuliyoyataja. Itundike kivulini, hewa ipite, mfuko mmoja usigusane na mwingine. Kwenye nchi ya dubu ipeleke mbali na utumbo, mahali unapoweza kupaona kutoka mbali kabla hujaikaribia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi sina mwenzangu wa kwenda naye. Niahirishe?*

Usiahirishe, ndugu yangu, punguza mpaka. Mtu wa peke yake awinde kilomita 2 au 3 kutoka kwenye gari mwaka wa kwanza. Utashangaa ni wawindaji wangapi huzipita hizo kilomita gizani wakiwahi mbali.

*Ramani yangu iko kwenye simu na nimeishusha yote. Ya karatasi ya nini tena?*

Baridi huua betri, na simu ikianguka kwenye mawe umebaki na kioo kilichovunjika. Tumia simu, lakini karatasi na dira viwe mfukoni. Na dira uirekebishe, kaka: kaskazini ya sumaku si kaskazini ya ramani. Tofauti ya nyuzi 10 usiyoirekebisha inakupeleka pembeni mita 170 hivi kwa kila kilomita, na hiyo inatosha kukushusha kwenye korongo jingine kabisa.

*Nimetazama siku mbili, bonde zuri kama ulivyoeleza, hakuna hata unyayo mpya. Nivumilie?*

Hapana. Asubuhi mbili na jioni mbili bila mnyama wala kinyesi kibichi zinatosha, hamia bonde la pili. Ndiyo sababu tulichagua vilima zaidi ya kimoja. Ila kama nyayo mpya zipo na mnyama haonekani, baki: anatembea usiku, na utamwona dakika za kwanza au za mwisho za mwanga.

*Mchana kwetu msimu wa pinde ni joto la nyuzi 25. Nyama itadumu siku ngapi?*

Kwa joto hilo hesabu saa, dada, usihesabu siku. Usiku ukipoa karibu na nyuzi 4, nyama iliyotolewa mifupa itapoa vizuri. Asubuhi ifunike kwa mifuko ya kulalia iweke ule ubaridi, kivulini karibu na kijito bila kulowa. Usiku usipopoa, wahi kwenye barafu uliyoiacha garini siku hiyohiyo. Kama huwezi kufika, umevuka mpaka wako wa hatua ya kwanza.

*Nilimpiga jioni, akakimbia kichakani, giza likaingia. Nilimfuata usiku na sikumpata. Nilikosea wapi?*

Pole sana, najua unavyolala na jambo hilo. Pale ulipompiga weka alama, kisha tazama damu. Ya waridi yenye povu ni ya mapafu: subiri nusu saa, utamkuta karibu. Nyeusi ni ya ini. Yenye majimaji ya kijani na harufu ni ya tumbo, na huyo ukimfuata mapema anaamka na kwenda mbali sana. Mwache saa sita au zaidi, hadi kukuche ikibidi, isipokuwa mvua inakuja kufuta damu. Kama sheria ya eneo lako inaruhusu mbwa wa kufuatilia damu, pata namba ya mwenye mbwa kabla hujatoka nyumbani, uiandike kwenye ile ramani ya karatasi.