Kuandaa Hafla ya Usomaji wa Fasihi kwa Ajili ya Amani na Wema

Hafla ya usomaji wa fasihi ni mkusanyiko ambamo wanajamii husomeana kwa sauti mashairi, hadithi fupi, barua au sehemu za riwaya. Inapoandaliwa kwa ajili ya kuhimiza amani na wema, huandamwa na hatari moja ambayo mwandaaji anapaswa kuitambua mapema, nayo ni kugeuka kuwa kikao cha mawaidha. Msikilizaji aliyeambiwa mara ishirini kwamba watu wapendane hutoka ukumbini kama alivyoingia, lakini yule aliyemsikia mhusika mmoja akisita mbele ya mlango wa jirani aliyekosana naye, mkono umeshainuliwa kubisha hodi, atamkumbuka siku atakapofika mbele ya mlango wa namna hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi iwe katika kuchagua maandiko na kulinda usikivu; viti na mapambo vitafuata.

Kuhusu tarehe, ipo 21 Septemba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Amani iliyoanzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1981. Ipo pia 16 Mei, Siku ya Kimataifa ya Kuishi Pamoja kwa Amani, na 21 Machi, Siku ya Ushairi Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999. Siku hizo hurahisisha kazi ya kualika watu, lakini siku yoyote ya mapumziko yafaa. Tangaza wiki sita kabla, ili watakaoandika wapate nafasi ya kuandika na kusahihisha.

Kipimo ninachokiamini katika kuchagua ni hiki: futa kwa kalamu maneno “amani”, “upendo” na “wema” popote yalipo katika andiko, kisha ulisome upya. Likiwa bado lina uhai, lichukue; likibaki tupu, mrudishie mwandishi kwa upole na umwombe akusimulie tukio lililomfanya aandike. Tuseme umeletewa shairi linalosifu ujirani mwema kwa beti kumi. Ukimuuliza mtunzi, huenda akakusimulia habari za watu wawili walionuniana miezi kadhaa kwa sababu ya mpaka wa uwanja, hata siku moja mvua ikaanza ghafla, mmoja akaona nguo za mwenzake zingali kwenye kamba na mwenyewe hayupo, akatoka akazianua, akazikunja na kuziweka kibarazani kwa mwenzake, mahali pasipofika manyunyu, kisha akarudi kwake bila kumwambia mtu. Hapo ndipo penye shairi, na mtunzi ataliona mwenyewe akishamaliza kusimulia; beti nne zitamtosha.

Usiyaogope maandiko yenye maumivu. Usomaji wa amani usiogusa vita, ukimbizi, matusi wala msiba huwaacha nje watu walewale wanaoihitaji amani zaidi. Hata hivyo, liko andiko la kukataa bila kusita, nalo ni lile linalolihukumu kundi zima la watu kuwa ovu kwa sababu ya dini, kabila, taifa au rangi yao. Iko pia kasoro iliyojificha zaidi, ambayo ni andiko linalomwamuru aliyedhulumiwa asamehe upesi ili wengine wapate utulivu. Wema wa namna hiyo humtwisha aliyeumia mzigo wa pili. Andiko zito linapokaribia kusomwa, wasikilizaji waelezwe kwa sentensi moja linahusu nini, ili asiyeweza kulistahimili atoke kidogo bila kuona haya.

Kazi za waandishi wengine zina wenyewe. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ndio msingi wa hakimiliki katika nchi nyingi, na kwa kawaida kazi ya fasihi hulindwa katika uhai wote wa mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, ingawa zipo nchi zinazofikisha miaka 70. Mwandikie mchapishaji kuomba idhini, na siku ya hafla jina la mwandishi litajwe kabla ya kusoma.

Mazoezi ndiyo yanayopuuzwa zaidi, na ndiyo yanayotofautisha usomaji unaosikika na usomaji unaovumiliwa. Kila msomaji apewe dakika tano, apimwe kwa saa wala si kwa idadi ya kurasa, kwa maana wasomaji kumi wa dakika tano, pamoja na kupishana jukwaani, tayari ni karibu saa moja. Andiko lichapwe kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na kila ukurasa uishie mwisho wa ubeti au wa aya, ili msomaji asifunue karatasi katikati ya sentensi. Anayesoma shairi la mizani kumi na sita atue kidogo baada ya mizani ya nane, lakini asiburuze vina, kwani sikio litavisikia bila kusaidiwa. Mwenye lugha tofauti na ya wengi asome kwanza kwa lugha yake, kisha mwingine asome tafsiri. Wasikilizaji watakuwa wamesikia sauti ya mtu kabla ya kupata maana ya maneno yake. Pakiwepo mkalimani wa lugha ya alama, asimame karibu na msomaji, penye mwanga, na apewe maandiko siku kadhaa kabla.

Katika kupanga ratiba, anza na andiko fupi na jepesi, weka mazito katikati, wala usimalizie na zito kuliko yote. Mshereheshaji asikimbilie kuomba makofi baada ya andiko la huzuni. Anyamaze kwa muda wa pumzi kumi, hata kama kimya hicho kitamtia wasiwasi, kwa sababu wakati huo wasikilizaji bado wamo ndani ya hadithi.

Yakifuata mazungumzo, swali la “mmejifunza nini” huleta majibu ya shuleni. Uliza ni mstari gani umebaki na msikilizaji, au ni mhusika gani angependa kuzungumza naye. Mabishano yakizuka, mshereheshaji asimpe ushindi yeyote, bali amwombe kila msemaji aonyeshe maneno ya andiko yaliyomfanya aseme hivyo, na ikiwezekana aya hiyo isomwe tena. Mara nyingi sauti hushuka watu wanapotazama ukurasa mmoja.

Asirekodiwe mtu kabla ya kukubali, hasa aliyesoma habari za maisha yake. Watu wakianza kutawanyika, mtafute yule aliyekuja na karatasi mfukoni akakosa ujasiri wa kusimama. Muulize kama angependa mwingine amsomee safari ijayo, na uandike jina lake mwanzoni mwa orodha mpya.