Kuchora ndege yenye bawa dogo mbele: hesabu za kuanzia

Ukiamua kuweka bawa dogo puani na kubwa nyuma, sharti ni moja: bawa la mbele lichoke kwanza. Mwendo ukipungua mno, la mbele likaishiwa nguvu ya kuinua, pua inashuka yenyewe na mwendo unarudi. Likitangulia la nyuma, mkia unazama, pua inaelekea juu, na rubani anaweza asiwe na la kufanya. Mbunifu wa ndege Mmarekani, Burt Rutan, alilitimiza sharti hili kwenye VariEze (1975) na Long-EZ (1979), ndege za kujengwa nyumbani.

Hatua ya 1: hesabu hewa ya hapa

Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege nchini Uganda, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 27, hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko hewa sanifu ya pwani. Tuchukue ndege ya kilo 450 ikiwa imejaa, mabawa yote mita za mraba 10. Ikiwa pwani huanza kuanguka ikishuka chini ya kilomita 88 kwa saa, Kajjansi itaanza kwenye 96 hivi. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) nayo hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo urefu wa njia ya kurukia ulioandikwa kwenye mchoro wa Marekani uhesabu upya.

Hatua ya 2: kitovu cha uzito

Hapa usiwe na haraka. Bawa la mbele lina mita za mraba 2, la nyuma 8, na kati yao mita 3, ukipima kutoka robo ya upana wa bawa hili (kuanzia ukingo wake wa mbele kwenda nyuma) hadi robo ya lile.

Kitovu cha uzito, yaani pale ndege nzima inaposawazika, kikikaa mita 2.4 nyuma ya bawa la mbele, la mbele linabeba kilo 90, la nyuma 360. Gawa: kila mita ya mraba, pande zote mbili, inabeba kilo 45, na huwezi kujua lipi litachoka kwanza. Kisogeze hadi 2.1. Sasa la mbele linabeba 135, yaani 67.5 kwa mita ya mraba. La nyuma 39 na ushei. Anzia hapo, lakini usijidanganye: hewa inayosukumwa chini na bawa la mbele hulipunguzia nguvu la nyuma, hivyo akiba yako ni ndogo kuliko karatasi inavyosema.

Halafu mpime rubani. Injini ikiwa nyuma, mtu mwepesi ndiye wa kuogopwa. Akipungua kilo 30, na kiti kiko mita 1.2 nyuma ya bawa la mbele, kitovu kinarudi nyuma zaidi ya sentimita 6. Tenga mahali pa kufunga vipande vya risasi, ile metali nzito, puani.

Hatua ya 3: mfano mdogo

Kata mfano wa foamu, urushe bila injini juu ya nyasi ndefu, ukirudisha uzito nyuma kidogo kidogo hadi tabia ibadilike, pua ikaacha kushuka yenyewe. Weka alama hapo. Peleka michoro na hesabu Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda kabla ya kununua chochote cha bei.

Hatua ya 4: ngozi

Asubuhi zenye unyevu, epoksi nyingi (gundi inayogandisha ngozi ya ndege) hutoa utando wa mafuta juu. Uoshe kwa maji, piga msasa, ndipo uongeze tabaka. Rangi iwe nyeupe, kwa sababu jua hulainisha epoksi. Umbo la bawa la mbele lichague kwa kufikiria mvua: Long-EZ za mwanzo zilipungukiwa nguvu mbele zikilowa, hadi John Roncz, mtaalamu wa maumbo ya mabawa, alipochora umbo jingine.